Daftari la Msoma Ramani: Rali ya Mikondo na Namna Inavyoendeshwa

Rali ya mikondo ni mchezo wa magari ambamo washindani hawakimbizani ubavu kwa ubavu, bali kila gari huondoka peke yake, kwa zamu, katika kipande cha barabara kilichofungwa kwa ajili ya mashindano, na kupimwa kwa saa tangu mstari wa kuanzia hadi mstari wa kumalizia. Kipande hicho ndicho kiitwacho mkondo, na rali kubwa huwa na mikondo kati ya kumi na tano na ishirini hivi, iliyotawanywa katika siku tatu au nne. Muda ambao gari limetumia katika mikondo yote hujumlishwa, adhabu huongezwa kama zipo, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Mtazamaji aliyezoea mbio za uwanjani, kama zile za Formula One, ambako gari linalotangulia ndilo linaloongoza, hana budi kubadilisha namna yake ya kutazama, kwa kuwa katika rali gari la kumi kupita mbele ya macho yake laweza kuwa ndilo linaloongoza mashindano yote, na jambo hilo halijulikani ila kwa saa.

Tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika barabara yenyewe. Dereva wa uwanjani huizunguka njia ileile mara hamsini au zaidi kwa siku moja, akaijua kila kona na kila mshono wa lami, ilhali dereva wa rali hupita katika kona mamia, na kila kona huipita kwa kasi ya mashindano mara moja, au mara mbili pale mkondo unaporudiwa mchana. Hakuna kumbukumbu ya mwanadamu inayoweza kubeba kilomita 300 za kona, mawe, madaraja na mashimo kwa uhakika wa kumwezesha mtu kuendesha bila kusita mahali asipoona mbele. Kwa sababu hiyo kila gari la rali hubeba watu wawili, dereva na msoma ramani, ambaye mashabiki wengi humwita navigeta, na kwa sababu hiyo pia kifaa muhimu kuliko vyote ndani ya gari hilo, pamoja na ughali wa injini na giaboksi yake, ni daftari la karatasi lililoandikwa kwa penseli.

Daftari hilo huandaliwa siku chache kabla ya rali kuanza, katika kipindi cha ukaguzi wa njia. Kanuni za ubingwa wa dunia, unaosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, yaani FIA, humruhusu kila dereva kupita katika mkondo mara mbili tu, kwa gari la kawaida na kwa mwendo uliowekewa kikomo. Katika pito la kwanza dereva hutamka anayoyaona, na msoma ramani huyaandika kwa alama za mkato. Katika pito la pili msoma ramani huyasoma yale aliyoyaandika, na dereva huyasahihisha. Kona hupewa namba kulingana na ukali wake, na katika mfumo unaotumiwa na wengi moja ni kona kali inayokaribia kurudi ilikotoka, na sita ni kona iliyonyooka kiasi cha kupitwa bila kuachia mafuta, ingawa wako madereva wanaozipanga namba hizo kinyume, na wengine wanaoandika gia au kiasi cha kuzungusha usukani. Kinachotakiwa ni kwamba wawili hao waelewane bila shaka yoyote, wala si kwamba mtu wa tatu aweze kulisoma daftari lao.

Mstari mmoja wa daftari, ukitolewa katika alama zake na kuandikwa kwa maneno kamili, waweza kusema hivi: mita mia na hamsini, kulia tano juu ya mgongo, inajibana kuwa tatu, usikate, jiwe ndani. Maana yake ni kwamba baada ya kipande kilichonyooka cha mita 150 barabara inapanda mgongo wa kilima, na nyuma ya mgongo huo, ambapo dereva haoni kitu ila anga, kuna kona ya kulia iliyo pana mwanzoni lakini inayozidi kuwa kali inavyoendelea, na kwamba dereva asikaribishe gurudumu la ndani ukingoni kwa nia ya kufupisha njia, kwa sababu kuna jiwe. Taarifa hiyo yote husomwa kwa muda usiofika sekunde tatu, kupitia vipaza sauti vilivyo ndani ya helmeti, huku gari likiruka na kutikisika. Tena haina budi kusomwa wakati unaofaa, kwa maana ikitangulia mno dereva huisahau, na ikichelewa huwa haina kazi tena. Msoma ramani mzuri huwa kona moja au mbili mbele ya gari, akiwa ameinamisha macho kwenye karatasi, na hujua mahali alipo kwa kuhisi mwendo wa gari mwilini zaidi kuliko kwa kutazama nje. Wanaoamini kwamba mtu wa kiti cha kushoto au cha kulia ni abiria tu hawajawahi kuisikia sauti ya ndani ya gari la rali.

Mfano wa kale ulioufanya ulimwengu utambue nguvu ya maandishi hayo haukutoka katika rali, bali katika mbio za barabarani za Mille Miglia nchini Italia mwaka 1955. Mwingereza Stirling Moss, akiendesha Mercedes, aliketi na mwandishi wa habari Denis Jenkinson, aliyekuwa ameiandika njia nzima katika roli la karatasi lenye urefu wa takriban mita 5, lililowekwa ndani ya kisanduku na kuviringishwa kwa mkono. Kwa kuwa kelele za injini zilizuia mazungumzo, Jenkinson alimwonyesha Moss kila kona kwa ishara za mikono, na wakaimaliza njia hiyo ya kilomita zipatazo 1,600 kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wakiwa washindi. Moss alivuka vilele vya milima bila kupunguza mwendo kwa sababu alimwamini mtu aliyekuwa ubavuni mwake, na imani ya namna hiyo ndiyo hadi leo inayotenganisha dereva mwenye kasi na dereva anayeshinda.

Kati ya mkondo mmoja na mwingine magari hupita katika barabara za kawaida, pamoja na matatu, malori na pikipiki, yakiwa na namba za usajili na yakitii sheria za barabarani kama gari lingine lolote. Vipande hivi vya kuunganisha mikondo havishindaniwi kwa kasi, lakini vina ratiba yake. Kila gari hubeba kadi ya muda, na msoma ramani huikabidhi kwa maofisa wa kituo katika dakika iliyopangwa: akichelewa, hutozwa sekunde 10 kwa kila dakika, na akiwahi, hutozwa dakika nzima kwa kila dakika aliyowahi. Uzito wa adhabu ya kuwahi huwashangaza wageni, ila lengo lake ni jema, yaani kuondoa kishawishi cha kukimbia katika barabara ambamo watoto wanatoka shuleni. Magari hutengenezwa na mafundi katika eneo maalumu la matengenezo na kwa dakika zilizohesabiwa, kama dakika 45 za jioni, na yakiharibika nje ya eneo hilo ni dereva na msoma ramani wake pekee wanaoruhusiwa kuyashika, kwa spana na vipuri walivyobeba wenyewe. Usiku magari hufungiwa uani, na hakuna anayeruhusiwa kuyagusa.

Barabara nayo hubadilika kila gari linapopita juu yake, na hapa ndipo rali inapokuwa na hesabu ambazo mbio za uwanjani hazina. Siku ya kwanza kamili ya mikondo, katika raundi za ubingwa wa dunia, anayeongoza msimamo wa mwaka ndiye huondoka kwanza, na kwenye njia ya changarawe kavu hiyo si heshima bali ni mzigo, kwa kuwa magurudumu yake hufagia kokoto zilizolegea na kuwaachia wanaomfuata ardhi iliyo imara zaidi. Mvua ikinyesha mambo hugeuka, kwa sababu wa kwanza huikuta njia ikiwa nzima, na wa nyuma hukuta matope yaliyochimbwa. Vumbi huongeza tatizo lingine: pasipo upepo huning'inia hewani baada ya gari kupita, na waandaaji hulazimika kurefusha nafasi ya kuondoka kati ya gari na gari, ambayo kwa kawaida ni dakika mbili au zaidi, ili anayefuata asiendeshe akiwa kipofu.

Katika Safari Rally ya Kenya, ambayo makao yake sasa yako Naivasha, liko vumbi la aina ya pekee ambalo watu wa rali huliita feshfeshi, nalo ni udongo wa Bonde la Ufa uliosagika ukawa laini kama unga, uliojaa ndani ya mifuo ya barabara kiasi cha kuyaficha mawe yaliyo chini. Gari likiingia humo kwa kasi huzama hadi boneti, kioo cha mbele hufunikwa, na injini huanza kuvuta udongo badala ya hewa. Ndiyo maana magari yanayokuja Kenya hufungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu kando ya kioo, jambo ambalo halihitajiki huko Finland au Ureno. Mkondo wa Kedong, ulio kusini mwa Ziwa Naivasha, umejipatia sifa kwa udongo huo. Mwaka 2021, rali iliporejea katika ubingwa wa dunia, Mbelgiji Thierry Neuville aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa takriban dakika moja, na katika mkondo wa kwanza wa asubuhi hiyo, ule wa Loldia, shokomzoba ya nyuma upande wa kulia ikavunjika na safari yake ikaishia hapo. Ushindi ulimwendea Mfaransa Sébastien Ogier, aliyemtangulia Mjapani Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8 baada ya mikondo 18 na kilomita 320 za mashindano.

Safari Rally haikuzaliwa ikiwa rali ya mikondo, na kisa chake ndicho kinachofafanua vizuri zaidi mchezo huu ulivyokuwa kabla ya mikondo kushika hatamu. Rali za mwanzo barani Ulaya, kama ile ya Monte Carlo iliyoanzishwa mwaka 1911, zilikuwa safari za masafa marefu ambamo sifa ilikuwa kufika, na kufika kwa wakati. Vivyo hivyo, mashindano yaliyoanza Mei 27, 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa safari ya maelfu ya kilomita katika barabara zilizokuwa wazi kwa watu, mifugo na wanyamapori. Njia iligawanywa katika vipande vyenye muda uliowekwa, na aliyechelewa kufika kituoni alihesabiwa dakika za adhabu; mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda. Katika miaka mingi muda huo uliwekwa kuwa mfupi mno hata hakuna aliyeweza kuutimiza, na mvua za masika, ambazo mara nyingi huangukia majira ya Pasaka, ndizo zilizoamua mengine yote. Mwaka 1963, kati ya magari zaidi ya 80 yaliyoanza, ni 7 tu yaliyomaliza, na mwaka 1968, kati ya zaidi ya 90, yakamaliza tena 7. Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff walishinda mara zote mbili, kwa Peugeot 404.

Katika mashindano hayo wenyeji walikuwa na faida ambayo fedha za viwanda hazikuweza kuinunua, yaani kuijua nchi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na hakuna dereva mwingine aliyefikisha idadi hiyo Safari ikiwa raundi ya ubingwa wa dunia. Timu kubwa za Ulaya zilijaribu mwaka hadi mwaka, na ushindi wa kwanza wa dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki ulipatikana mwaka 1972 tu, kwa Mfini Hannu Mikkola katika Ford Escort. Hoja kwamba madereva wa kigeni walikuwa na kasi kubwa zaidi huenda ni kweli, lakini kasi isiyojua mahali mto unapojaa baada ya mvua ya usiku haikuwa na thamani.

Ubingwa wa dunia ulipoanzishwa mwaka 1973, Safari ilikuwamo tangu msimu wa kwanza. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia nzima ilikuwa imebaki ndani ya Kenya, na kwa miongo iliyofuata iliendelea kuwa ya pekee, ikipita barabara zilizo wazi huku helikopta zikitangulia juu ya magari ya timu kubwa ili kumwonya dereva kuhusu ng'ombe au lori lililo mbele. Rali ya mwaka 2002, iliyoshindwa na Mskoti Colin McRae, ilikuwa ya mwisho ya ubingwa wa dunia kwa mtindo huo, na Kenya ilisubiri hadi 2021 kurejea katika ubingwa huo, safari hii kwa mikondo iliyofungwa, ambayo mingi imo ndani ya mashamba makubwa na ranchi kama Soysambu. Wapo wazee wanaosikitika kwamba rali hii ya sasa si ile iliyovuka mipaka na kupita mlangoni mwa kila mji, na masikitiko yao yana haki, maana Kampala na Dar es Salaam zilipoteza kitu ambacho hakijarudi. Hata hivyo, kuendesha kwa kasi ya mashindano katika barabara ambayo mama na mwanawe wanaweza kuivuka lilikuwa jambo lisiloweza kutetewa tena, hasa kadiri magari yalivyozidi kuwa na nguvu.

Nguvu hizo zilikuja kwa hatua mbili. Kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Audi ilileta gari la Quattro, ambalo injini yake iliendesha magurudumu yote manne badala ya mawili, na kwenye theluji na kokoto wapinzani wakaachwa mbali. Safari ilikuwa ngumu kushawishika: Toyota zenye kuendeshwa na magurudumu ya nyuma ziliendelea kushinda Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, kwa sababu uimara ulitangulia mvutano wa magurudumu, na ushindi wa kwanza wa gari la magurudumu manne ulikuja mwaka 1987 tu. Pili, kanuni za kundi B, zilizoanza mwaka 1982, ziliruhusu magari mepesi yenye nguvu kupita kiasi. Mwaka 1986 watazamaji waliuawa nchini Ureno baada ya gari kuacha njia na kuingia katikati ya umati, na miezi michache tu baadaye, Mei 2, Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walikufa katika kisiwa cha Corsica gari lao lilipotumbukia bondeni na kuwaka moto. Kundi hilo likapigwa marufuku.

Magari ya daraja la juu leo yana injini ndogo ya lita 1.6 yenye turbo na mwendo wa magurudumu manne, na waliomo huzungukwa na mabomba ya chuma yaliyounganishwa kuwa kizimba, hufungwa mikanda yenye ncha sita, na huvaa kifaa kinachoizuia shingo isirushwe mbele gari linapogonga. Gari likisimama ndani ya mkondo, waliomo huonyesha kibao chenye maandishi ya kijani kuwaarifu wanaofuata kwamba wako salama, au kibao chenye alama nyekundu wakihitaji msaada wa haraka, na anayeiona alama nyekundu hulazimika kusimama. Mtazamaji hana kizimba wala mkanda. Mahali pabaya kuliko pote pa kusimama ni upande wa nje wa kona, kwa kuwa gari likishindwa kukata kona huendelea kule lilikokuwa likielekea, na mahali pazuri ni kwenye kilima kilicho ndani ya kona, nyuma ya utepe, ambapo pia ndipo mtu huona vizuri zaidi.

Chini ya ubingwa wa dunia uko ubingwa wa Afrika, na Afrika Mashariki ndiyo nguzo yake, kwa kuwa Pearl of Africa ya Uganda, Mountain Gorilla ya Rwanda na Rally of Tanzania zimekuwa raundi zake pamoja na zile za Kenya. Huko ndiko madereva wa eneo hili wanakolelewa. Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari ya mwaka 1994, raundi iliyoshindwa na Mkenya mwenzake Ian Duncan. Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa Uganda mwaka 2011. Na mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 katika Safari Rally, akiwa mwanamke wa kwanza kushinda raundi katika daraja hilo. Idadi ya wanaofika huko bado ni ndogo, na sababu si siri: gari, vipuri na matairi hugharimu fedha ambazo vijana wengi hawana, na matairi ya mchezo huu huisha haraka juu ya mawe.

Kiti cha msoma ramani, hata hivyo, hakidai kumiliki gari. Kinadai mtu asiyepatwa na kichefuchefu anaposoma katika mwendo, mwenye hesabu za dakika na sekunde kichwani, anayeweza kubadilisha tairi lenye pancha kwa takriban dakika mbili pembeni mwa mkondo kisha akaketi na kuendelea kusoma kwa sauti tulivu. Stadi ya kuandika daftari inaweza kujifunzwa na watu wawili katika gari dogo la kawaida, kwenye barabara ya vumbi ya kijijini na kwa mwendo wa pole, dereva akitamka na mwenziwe akiandika, kisha wakirudi kusahihisha kona baada ya kona hadi dereva aweze kusema kilicho nyuma ya mgongo wa kilima kabla hajakiona.